Ufa Usiotakiwa Kuzibwa

Shemeji yangu hajui kununua. Nalitanguliza hili nisije nikadhaniwa namsifia. Ni mdogo wake mke wangu, mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari iliyo ng'ambo ya soko, na kwa muda wote niliomfahamu hajawahi kutoka dukani kwangu na kitu kwa bei ya haki.

Mimi nauza vifaa vya umeme vilivyokwisha tumika: pasi, feni, redio, taa za kila ukoo. Mteja mwenye akili akikiona anachokitaka hukipita kama hakioni. Atashika kingine, akikosoe, apulize vumbi, agune, ndipo arudi kwenye kile cha kwanza kwa sura ya mtu anayetoa msaada. Shemeji akiingia, anakiendea moja kwa moja, anakiinua kwenye mwanga na kusema, "Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta." Halafu ndipo anauliza bei. Sasa mtu wa namna hiyo umfanyeje? Ukimpunguzia unajiibia, usipompunguzia dada yake anakununia nyumbani mpaka chai inakosa sukari.

Na alivyokuwa akivitafuta havikuwa vitu vya maana. Alitaka taa za zamani zile za waya, zinazounguza vidole. Alitaka taa za mrija ambazo hakuna anayezinunua tena. Alitaka diski za sinema zilizochunika. Nilimwambia hizo ni takataka, ningekuwa na akili ningemlipa yeye aziondoe. Akacheka, akazibeba zote mfukoni na kwapani, na kesho yake wanafunzi wake wakawa wanazigombania kama maandazi.

Shuleni wanamwita Madamu Ufa. Jina hilo alilipata katika darasa lake la Jumamosi, darasa la hiari la wanaotaka kushika sayansi kwa mikono badala ya kuinakili ubaoni. Kila alipoanza somo la mwanga alisema, "Ufa kwanza." Huna ufa, huna somo. Sote tumelelewa kwa methali moja, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, wala hakuna nyumba isiyoijua. Shemeji ndiye mtu wa pekee niliyemwona akipasua ufa kwa makusudi, kisha akaulinda kama kuku anavyolinda yai.

Ufa wenyewe ulikuwa kwenye chumba kirefu chembamba nyuma ya karakana ya shule. Chumba kile kilikuwa kimejaa madawati mabovu. Yeye na wanafunzi wake waliyatoa nje, wakapaka kuta masizi yaliyochanganywa na gundi mpaka wakatoka wote wanafanana, na dirisha la pekee wakaliziba kwa plaiwudi niliyompa mimi, ingawa mke wangu husema nilimuuzia. Katikati ya plaiwudi alitoboa tundu, na juu ya tundu akabandika nyembe mbili zinazotazamana makali kwa makali, zikaacha nafasi ya kupita unywele, basi. Nje ya dirisha alisimamisha bati lililopakwa rangi nyeupe ili ufa upokee mwanga uliotulia. Kulitazama jua lenyewe alikuwa amepiga marufuku, na katika hilo hakuwa na utani. Macho hayana spea, aliwaambia.

Mwanafunzi husimama mwisho wa chumba, mlango ukiwa umefungwa. Anaweka jichoni kipande cha diski kilichochunwa ngozi yake ya kung'aa, anautazama ufa kwa mbali. Diski ina mifereji mingi, myembamba isiyoonekana kwa macho, na mifereji hiyo inautawanya mwanga kila rangi upande wake. Ule ufa mweupe unageuka utepe mpana, kutoka nyekundu hadi zambarau. Vitabu vyao vinauita spektra.

Nilimuuliza kwa nini chumba kiwe kirefu, maana mtu akiomba nafasi kubwa mimi lazima niulize. Akanieleza kwamba ukiwa karibu rangi hupandana, ukirudi nyuma zinaachana, na hapo ndipo unapogundua kwamba utepe wa jua haujakamilika. Una vistari vyeusi vyembamba, huku kimoja, kule viwili vimebanana, kama kitambaa kilichochomolewa nyuzi. Kila kilichomo katika hewa ya jua kimemeza rangi yake na kuacha pengo. Na ukinyunyiza chumvi ya jikoni kwenye moto wa taa ya spiriti, moto unatoa rangi moja tu ya njano, na ule mstari wa njano unaangukia palepale penye pengo mojawapo la jua. Yaani kilichomo kwenye kopo la chumvi la mke wangu kimo pia kule juu.

Binti yangu yumo katika darasa hilo. Nyumbani na shuleni anaitwa Mbishi, na aliyempa jina hakukosea. Siku alipoelezwa habari ya chumvi aliuliza mbele ya wenzake ni nani aliyekwenda juani na kijiko. Darasa likaangua kicheko. Shemeji akasema hakuna aliyekwenda, ndiyo maana wana ufa.

Shuleni Mbishi humwita Madamu, nyumbani humwita mama mdogo, na kote kuwili humpinga. Jumamosi baada ya Jumamosi wenzake walitazama kwenye diski wakaitikia kwa pamoja kwamba wanaviona vistari. Yeye alisema haoni. Anaona rangi, ndiyo, nzuri tu, ila hivyo vistari vyeusi aonyeshwe vilipo. Wengine walimzomea. Mwalimu mwingine angemtoa nje. Shemeji alikwenda kwenye ufa akazisogeza nyembe zikakaribiana zaidi, akamrudisha mtoto nyuma hatua moja, akamwambia atazame tena. Siku moja Mbishi akarudi nyumbani, akala kimya mpaka sahani ikaisha, kisha akasema, "Vipo." Mke wangu aliniangalia, nami nikamwangalia. Hatujawahi kumsikia mtoto yule akikubali jambo, hata kwamba mvua inanyesha.

Tabia hiyo, nakiri, aliichukua dukani. Tangu akiwa mdogo nilimwambia asiseme ameuona mzigo ambao hakuufungua. Watu wameuziwa matofali ndani ya maboksi ya redio kwa sababu waliona haya kusema, "Sijaona kitu humu."

Sasa, mambo yaliharibika kwa ajili ya madawati. Yale mabovu yalikuwa yananyeshewa nje, na Mkuu wa shule alipata habari kwamba mkaguzi kutoka ofisi ya elimu anakuja. Alimwita Shemeji akamwambia kile chumba kinahitajika. Wakavutana, mwisho wakakubaliana hivi: mkaguzi ataonyeshwa chumba, akikiona kina faida, darasa la Jumamosi linabaki. Asipoona, madawati yanarudi ndani.

Shemeji alikuja kunieleza kana kwamba ameshinda kesi. Nilimuuliza alimpa Mkuu nini. Akasema alimpa sababu. Nikashika kichwa. Mtu anayetaka chumba hapewi sababu, anapewa chumba kingine, au banda, au hata ahadi ya banda. Nilimpangia yote: mkaguzi aanze kwa kukaa pazuri, apewe cha kunywa, aonyeshwe picha za wanafunzi wakitabasamu, apewe kitu cha kushika mkononi, na chumbani aingie mwisho akiwa ameshakubali moyoni.

"Nitampa kipande cha diski," akasema.

Nikaacha. Kumfundisha biashara mtu huyu ni kutwanga maji kwenye kinu chenye tundu.

Siku iliyotangulia ukaguzi walijaribu kila kitu, kikakubali. Mwanafunzi mmoja alisimama nje ya dirisha na taa ya spiriti ndani ya kopo la kukinga upepo, nyuma ya moto akasimamisha kipande cha bati kuikinga nusu ya chini ya ufa na mwanga wa jua, ili sehemu hiyo ipokee mwanga wa moto tu. Akanyunyiza chumvi. Ndani, juu ukaonekana utepe wa jua na pengo lake, na chini yake mstari wa njano umekaa wima sawasawa na lile pengo. Mbishi aliniambia ulikaa kama mlango kwenye fremu yake. Shemeji akafunga chumba, akapeleka ufunguo ofisini kama sheria ya shule inavyotaka, akaja kwetu kula akiwa na furaha iliyoniudhi.

Kumbe jioni ileile Mkuu alikuwa akizunguka majengo na fundi wa shule, yule wanayemwita Fundi Lipu kwa sababu hakuna kitu duniani asichotaka kukipiga lipu. Agizo lilikuwa fupi: wageni wasikute ufa hata mmoja. Fundi Lipu ni mtu wa kazi yake. Alianzia geti akaishia nyuma ya karakana.

Asubuhi nilifika mapema, kwa kuwa wazazi walialikwa, na pia nilibeba taa moja ya akiba. Nilimkuta Shemeji ukumbini akiwapanga wanafunzi wa kuimba wimbo wa kumkaribisha mgeni. Mkuu ndiye aliyemweka hapo. Mara mbili aliomba aende akaangalie chumba, mara mbili akaambiwa mgeni yuko njiani. Mgeni alikuwa njiani asubuhi nzima.

Alipofika alikuwa mama mrefu mwenye pochi nzito na viatu visivyopenda kokoto, na ilionekana wazi kwamba kuna shule nyingine inamsubiri. Aliusikiliza wimbo nusu. Aliikataa soda. Akataka kuona hicho chumba. Basi tukaenda: yeye, Mkuu, Shemeji, darasa lote la Jumamosi, nami nyuma na taa yangu. Wanafunzi walijipanga kando ya kuta, vipande vya diski vikagawiwa, mkaguzi akapewa chake akakishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa samaki.

"Ufa kwanza," alisema Shemeji, akafunga mlango.

Ikawa giza. Si giza lenye uzi wa mwanga mwisho wake. Giza la ndani ya gunia la mkaa. Tukasimama humo, tukisikilizana pumzi. Nikasikia harufu ya gundi mbichi na rangi, na hapohapo nikajua, kwa sababu harufu ya kitu kilichofanyiwa ukarabati jana mimi siikosei. Nikasikia pia kucha za Shemeji zikipapasa plaiwudi, kwanza polepole, kisha kwa haraka.

Kutoka nje sauti ya mwanafunzi wa spiriti ikaita, "Madamu, niweke chumvi?"

Kucha ziliendelea kukwaruza. Mkaguzi akakohoa kikohozi cha mtu anayetazama saa asiyoiona. Halafu akauliza, kwa ile sauti ambayo wageni huitumia kuuliza darasa zima, "Haya watoto, mnaona?"

Na darasa, kama lilivyozoezwa tangu chekechea, likaitika kwa pamoja, "Tunaonaaa!"

"Vizuri sana," akasema mkaguzi. Nikamsikia Mkuu akishusha pumzi. Nikamsikia mkaguzi akisema kazi za mikono zinatakiwa mashuleni, na mwalimu aendelee hivyohivyo.

Nataka msomaji anielewe hapa. Biashara ilikuwa imekwisha. Mnunuzi ameridhika, hajafungua boksi, hana mpango wa kulifungua, na anaondoka. Chumba ni chako. Kesho unakwangua gundi kwa kisu, unanunua nyembe mpya kwangu, Jumamosi mnaendelea. Kilichotakiwa ni mdomo kufungwa kwa muda wa kufungua mlango.

"Mimi sioni kitu."

Sauti ile niliilea mwenyewe, sikuhitaji taa kuitambua.

Mkuu akamwambia anyamaze. Mkaguzi, kwa upole, akasema, "Mbona wenzako wanaona?"

"Wenzangu wanaona giza," alijibu Mbishi. "Hilo hata mimi naliona."

Kuna aliyecheka kwa pua. Mkaguzi akamgeukia Shemeji, au akageukia upande alikodhani yupo, akamuuliza kama kinaonekana au hakionekani. Mimi nikakohoa. Nikakohoa tena, kikohozi ambacho hata mlevi angekielewa. Nikamkanyaga mtu mguu nikidhani ni yeye, kumbe Mkuu.

"Hakionekani," akasema Shemeji. "Ufa umezibwa."

"Kwa hiyo humu hamna kitu."

"Leo hamna."

Mlango ukafunguliwa. Kwenye mwanga tuliuona ubao wa dirisha umelainishwa vizuri, unga wa mbao na gundi, rangi juu yake, kazi safi, hata mimi ningeilipia. Zile nyembe zilikuwa zimezama humo ndani, zimepinda. Fundi Lipu alikuwa amesimama nje kidogo akingoja kusifiwa. Shemeji alimuuliza kama ni yeye aliyeziba. Akasema ndiye, tena huo ulimpa taabu kuliko nyufa zote, ulikuwa na vyuma.

"Ule niliukata mwenyewe, fundi."

"Basi ulikosea, mwalimu," akasema bila ubaya wowote. "Nimekurekebishia."

Mkaguzi alirudisha kipande cha diski, akasema akialikwa tena chumba kiwe kimeandaliwa, akaondoka na viatu vyake. Mkuu, akichechemea, alimkumbusha Shemeji ile methali, kana kwamba yeye ndiye mtu wa kukumbushwa. Kabla wanafunzi wa mwisho hawajatoka getini, madawati mabovu yalikuwa yamerudi chumbani, miguu juu.

Njiani nilimsema. Sikuchagua maneno. Nilimwambia mnunuzi ameshatoa mkono mfukoni, halafu wewe unamwambia mzigo una kasoro. Nilimwambia wapo watu wanaoharibu biashara kwa tamaa, wapo wanaoiharibu kwa hasira, ila yeye ndiye wa kwanza kumwona akiiharibu kwa kujibu swali. Alitembea tu, gundi imemganda chini ya kucha. Mbishi alikuwa nyuma yetu, anapiga mawe teke.

"Nimewafundisha mwaka mzima wasiseme wameona wasichokiona," akasema mwishowe. "Leo niwaambie ni likizo?" Akatembea kidogo. "Na huyo mwanao, shemeji, haya mambo kafundishwa na nani?"

Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa linanidhalilisha.

Nilidhani yameishia hapo. Wiki kadhaa baadaye nikiwa dukani akaingia Shemeji na Mbishi. Nikajitayarisha kusikia "hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta." Hakusema. Alishika feni moja, akaizungusha, akaguna. Akaishika redio, akapuliza vumbi. Akaenda mpaka nyuma, kwenye stoo yangu ndefu ya mizigo, akachungulia, akatingisha kichwa kwa masikitiko.

"Giza humu," akasema.

Nikamwambia stoo haihitaji mwanga.

Akasema pia ni ndefu mno, mtu akitaka kitu cha mwisho anatembea safari. Na panya bila shaka wamo. Na mlango wake ni wa mbao, unaliwa. Kwa kweli, akasema akijipangusa mikono, hata ukimpa mtu bure, tuseme siku za Jumamosi tu, sijui kama atakubali. Labda awe na watu wa kumsaidia kuipanga mizigo na kuzijaribu hizo taa moja baada ya nyingine ajue nzima ni ipi na mbovu ni ipi, kazi ambayo mwenye duka haiwezi kwa uvivu. Nikaanza kuitetea stoo yangu. Nikasema si mbaya kiasi hicho. Nikasema haivuji. Nilikuwa nimeshakwenda mbali katika kuisifia nilipomwona Mbishi amegeuka ukutani, mabega yanamtikisika, ndipo nikajua nimeuziwa.

Basi mlango wangu, mbao ngumu, mlango ambao nilikuwa nimeshaanza kupatana na mteja juu yake, una tundu na nyembe mbili. Jumamosi siwezi kutoa mzigo stoo, kwa kuwa kuna watu humo gizani. Wateja wanasubiri. Mtoto wa watu anakaa uani na spiriti na chumvi ya mke wangu. Wametengeneza taa zangu, hilo nakubali, ila wamevunja nyingine. Nami nilisimama mwisho wa stoo yangu mwenyewe na diski jichoni, nikatazama mpaka machozi yakanitoka, nikaona rangi. Vistari sikuviona. Nilisema hivyo, na Shemeji akaenda kuzisogeza nyembe. Mpaka leo anazisogeza.

Juzi Fundi Lipu alikuja kutafuta pasi. Alipita uani, akasimama mbele ya ule mlango, akapitisha kidole kwenye makali, mkono mwingine ukaingia mfukoni kutafuta gundi. Akaniambia nina ufa pale, haina shida, atanizibia, sitamlipa kitu.

"Uache," nikamwambia. "Ukiuziba huo, utajenga ukuta."